Crown Victoria: Gari la doria lililosifiwa kwa uimara na kulaumiwa kwa moto

Kwa takriban miongo miwili, dereva aliyesimamishwa na polisi katika barabara kuu ya Marekani au Kanada alipotazama kioo cha nyuma, aghalabu aliona gari la aina moja: Ford Crown Victoria. Lilikuwa sedani pana ya milango minne, yenye injini ya silinda nane, magurudumu ya nyuma ndiyo yakisukuma gari, na buti kubwa lililotosha kubeba vifaa vyote vya askari wa doria. Wakenya wengi wanalifahamu kupitia sinema na vipindi vya televisheni tu. Lilitengenezwa likiwa na usukani upande wa kushoto, na kwa hivyo halikufaa katika barabara za Kenya, ambako usukani huwa kulia.

Historia ya gari hilo ina pande mbili ambazo ni vigumu kuzitenganisha. Muundo wa kale uliolifanya kuwa imara, rahisi kutengeneza na nafuu kwa idara za polisi ndio huo huo ulioacha tangi la mafuta mahali pa hatari. Askari walilipenda, na baadhi yao wakateketea ndani yake.

Asili ya jina

Jina Victoria lilitokana na gari la kukokotwa na farasi lililopewa jina la Malkia Victoria wa Uingereza. Kampuni ya Ford ilitumia jina kamili la Crown Victoria kwa mara ya kwanza mwaka 1955, katika toleo la milango miwili la gari lake la Fairlane. Toleo hilo lilitambulika kwa ukanda wa chuma king'aacho uliopita juu ya paa kama taji kichwani. Lilidumu kwa miaka miwili tu, 1955 na 1956, na wakati huo halikuhusiana na polisi kwa vyovyote.

Jina lilifufuliwa mwaka 1980 kama daraja la juu la gari kubwa la Ford lililoitwa LTD. Mwaka 1983 kampuni ilipohamishia jina la LTD kwenye gari dogo zaidi, lile kubwa likaitwa LTD Crown Victoria. Herufi hizo tatu ziliondolewa katika toleo la mwaka 1992, na tangu hapo likajulikana kwa jina ambalo wengi hulikumbuka.

Hata hivyo, uhusiano wa Ford na polisi ulikuwa mkongwe kuliko jina hilo. Mwaka 1932 Ford ilianza kuuza gari la bei nafuu lenye injini ya silinda nane. Mwendo wake uliwavutia polisi, lakini uliwavutia majambazi vilevile. Bonnie Parker na Clyde Barrow, wahalifu waliotikisa Marekani wakati huo, waliuawa mwaka 1934 wakiwa ndani ya Ford ya aina hiyo.

Muundo wa mwaka 1979

Ili kuelewa sifa na kasoro za Crown Victoria, ni lazima kurejea miaka ya 1970. Bei ya mafuta ilipanda ghafla baada ya mataifa ya Kiarabu kuwekea Marekani vikwazo vya mafuta mwaka 1973. Mwaka 1975 bunge la Marekani likapitisha sheria iliyoweka viwango vya matumizi ya mafuta kwa magari. Watengenezaji wakalazimika kupunguza ukubwa na uzito wa magari yao.

Jibu la Ford lilikuwa muundo mpya ulioitwa Panther, uliozinduliwa katika magari ya mwaka 1979. Magari yaliyojengwa juu yake yalikuwa madogo na mepesi kuliko yale yaliyotangulia, lakini bado yalikuwa makubwa kwa kipimo cha mataifa mengine. Muundo huo ulitumiwa pia na magari ya Mercury na Lincoln, ambayo yalikuwa chini ya Ford.

Jambo la msingi katika Panther lilikuwa chasisi. Magari mengi madogo ya siku hizi hujengwa kwa namna ambayo bodi na chasisi ni kitu kimoja kisichotenganishwa. Panther ilifuata utaratibu wa zamani, sawa na ule wa malori: chasisi ya chuma hujengwa peke yake, kisha bodi hufungwa juu yake kwa bolti. Gari la namna hiyo huwa zito na hutumia mafuta mengi. Kwa upande mwingine, hustahimili mashimo na kingo za barabara, na likigongwa fundi anaweza kubadilisha sehemu iliyoharibika bila kuunda gari zima upya.

Tangi la mafuta liliwekwa nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, mbele ya buti. Uamuzi huo haukuwa wa ajabu wakati huo, kwa kuwa magari mengi ya Marekani yalikuwa na tangi katika eneo hilo. Lakini hatari yake haikuwa siri. Mwaka 1978, kabla tu ya Panther kuingia sokoni, Ford ilirejesha gereji takriban magari milioni 1.5, mengi yakiwa ya aina ya Pinto, kutokana na malalamiko kwamba tangi lilipasuka na kuwaka gari lilipogongwa kutoka nyuma.

Sura mpya

Toleo la mwaka 1992 lilileta mageuzi makubwa. Bodi ya pembe kali iliachwa, ikaja ya mviringo inayopenya upepo kwa wepesi zaidi. Chini ya boneti palikuwa na injini mpya ya silinda nane ya lita 4.6, iliyotengenezwa mjini Romeo, jimbo la Michigan. Ilianza na nguvu za farasi 190 au 210 kutegemea mfumo wa ekzosi. Kufikia mwaka 2004 injini ya magari ya polisi ilikuwa imefikishwa nguvu za farasi 250.

Gari liliunganishwa katika kiwanda cha St. Thomas, mkoani Ontario nchini Kanada, kilichofunguliwa mwaka 1967. Kwa hivyo gari lililokuja kuonekana kuwa nembo ya polisi wa Marekani lilitoka katika mikono ya wafanyakazi wa Kanada.

Mwaka 1998 paa na sehemu ya nyuma zilibadilishwa, na ekseli ya nyuma ikaongezewa vyuma vya kuizuia kuyumba upande. Mwaka 2003 sehemu ya mbele ya chasisi pamoja na usukani viliundwa upya. Baada ya hapo mabadiliko yalikuwa madogo. Toleo la polisi liliendelea kujulikana na mafundi kwa nambari yake ya kiwandani, P71, ingawa tangu mwaka 1999 lilibandikwa jina la Police Interceptor kwenye buti.

Kwa nini polisi walilipenda

Gari la polisi hufanya kazi tofauti na la familia. Hukaa likiunguruma papo hapo kwa saa nyingi askari akiandika ripoti au akilinda eneo la ajali, kisha ghafla hutakiwa kukimbia kwa kasi kubwa. Huendeshwa na askari tofauti katika kila zamu, na si wote huliendesha kwa huruma.

Ford ilizingatia hali hiyo. Toleo la polisi lilikuwa na kifaa cha kupooza oili ya injini, springi ngumu zaidi, breki zilizoimarishwa na mfumo wa umeme wenye uwezo wa kuendesha redio, taa, king'ora na kompyuta kwa wakati mmoja. Mtaimbo wa gia uliwekwa karibu na usukani badala ya katikati ya viti, na nafasi iliyobaki ikatumiwa kufunga redio, kompyuta na bunduki. Kiti cha nyuma kilikuwa kipana kiasi cha kuingiza mshukiwa aliyefungwa pingu, na idara nyingi ziliweka kizuizi kati yake na askari walioketi mbele.

Gari lilikuwa na urefu wa karibu mita 5.4 na uzito wa karibu kilo 1,900, lakini liliweza kufikia mwendo wa takriban kilomita 208 kwa saa. Polisi wa jimbo la Michigan, ambao kila mwaka hupima magari mapya ya polisi na kutoa matokeo yanayotumiwa na idara kote nchini humo, walilipima mwaka baada ya mwaka.

Kivutio kikubwa zaidi, hata hivyo, kilikuwa gharama. Kwa kuwa muundo haukubadilika sana, vipuri vya gari la mwaka mmoja mara nyingi viliingia katika la mwaka mwingine. Taa za juu, vizuizi na rafu za vifaa vilihamishwa kutoka gari kuukuu hadi jipya. Mafundi wa manispaa walilijua gari hilo kama viganja vyao, na idara hazikuhitaji kuwafunza upya.

Washindani wanapoondoka

Sifa hizo pekee hazielezi jinsi Crown Victoria lilivyotawala soko. Sababu nyingine ilikuwa kwamba washindani walijiondoa. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Chrysler ndiyo iliyokuwa ikivuma kwa magari ya polisi, hasa Plymouth Fury na Dodge Monaco. Ilipoacha kutengeneza Dodge Diplomat mwaka 1989, haikuwa tena na sedani kubwa ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma.

Ikabaki Chevrolet Caprice ya kampuni ya General Motors, ambayo askari wengi waliipenda kwa kasi yake. Lakini mwaka 1996 General Motors iliacha kuitengeneza, na kiwanda chake cha Arlington, jimbo la Texas, kikageuzwa kuunda magari makubwa ya familia ambayo wakati huo yalikuwa yakileta faida nono.

Kuanzia hapo, idara iliyotaka sedani kubwa ya mtindo wa zamani haikuwa na pengine pa kwenda. Mapema katika miaka ya 2000, zaidi ya robo tatu ya magari mapya yaliyonunuliwa na polisi wa Marekani yalikuwa Crown Victoria. Chevrolet Impala ilijaribu kuingia, lakini ilikuwa ndogo na magurudumu yake ya mbele ndiyo yaliyosukuma gari. Ushindani wa kweli ulirejea mwaka 2006 Dodge Charger lilipoanza kuuziwa polisi.

Moto nyuma ya ekseli

Wakati Ford ilipokuwa karibu peke yake sokoni ndipo malalamiko kuhusu moto yalipozidi. Askari wa barabara kuu hutumia sehemu kubwa ya zamu yake akiwa ameegesha kando ya njia, nyuma ya gari alilolisimamisha au mahali pa ajali. Hapo huwa katika hatari ambayo dereva wa kawaida haikabili mara nyingi: kugongwa kutoka nyuma na gari linalokwenda kwa kasi ya barabara kuu huku yeye akiwa amesimama tuli.

Katika mgongano wa namna hiyo buti lilijikunja na tangi likasukumwa mbele kuelekea ekseli. Bolti, vishikizo na kingo za chuma zilizokuwa hapo ziliweza kulitoboa. Zana zilizobebwa ndani ya buti nazo ziliweza kulitoboa kutoka upande wa pili. Mafuta yalipomwagika, cheche moja ilitosha. Kikulacho ki nguoni mwako: gari lililonunuliwa kumlinda askari lilibeba hatari yake ndani kwa ndani.

Zaidi ya maafisa kumi waliuawa katika ajali za moto za magari hayo, na wengine wakanusurika wakiwa na majeraha mabaya. Katika jimbo la Arizona mfululizo wa ajali ulizua ghadhabu kubwa, hasa baada ya afisa mmoja wa mji wa Phoenix kuungua vibaya Machi 2001 gari lake lilipogongwa na teksi. Oktoba 2002 afisa mwingine alifariki mjini Dallas, jimbo la Texas. Jamaa za waathiriwa na baadhi ya miji walifika mahakamani kuishtaki Ford.

Uchunguzi na utetezi

Novemba 2001 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama barabarani, NHTSA, lilianzisha uchunguzi. Lilipoufunga Oktoba 2002, halikusema kwamba gari lilikuwa na kasoro ya kisheria, na halikuamuru lirejeshwe. Liligundua kwamba uwezekano wa Crown Victoria kuwaka lilipogongwa kwa kasi kubwa haukuwa tofauti sana na ule wa Chevrolet Caprice, ambalo pia lilitumiwa na polisi.

Ford ilishikilia kwamba gari lake lilikuwa salama na lilitimiza viwango vyote. Kampuni ilisema kiini cha tatizo kilikuwa kazi ya hatari ya polisi, na kwamba hakuna gari linaloweza kustahimili kila mgongano. Wakosoaji walijibu kwamba Ford ilijua fika namna polisi wanavyofanya kazi, kwa kuwa iliwauzia gari lililoundwa mahususi kwa kazi hiyo.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na mzozo ulifichua pengo katika sheria yenyewe. Kiwango cha serikali wakati huo kilitaka tangi listahimili kugongwa kutoka nyuma kwa kasi ya takriban kilomita 48 kwa saa. Magari yaliyowagonga askari katika barabara kuu yalikuwa yakienda kwa kasi maradufu au zaidi. Desemba 2003 serikali ilipandisha kiwango hicho hadi takriban kilomita 80 kwa saa, kwa magari yote na si ya polisi pekee.

Hatua zilizochukuliwa

Hata kabla ya uchunguzi kukamilika, shinikizo lilikuwa limezaa matunda. Septemba 2002 Ford, baada ya mazungumzo na Mwanasheria Mkuu wa Arizona wakati huo, Janet Napolitano, ilitangaza kwamba ingefunga ngao za plastiki ngumu kukinga tangi katika magari ya polisi yaliyokuwa tayari barabarani. Idara pia zilipewa maelekezo ya kupanga vifaa vyenye ncha kali ndani ya buti, na kampuni ikaanza kuuza kasha maalumu la kuvihifadhi.

Kuanzia toleo la mwaka 2005 wanunuzi waliweza kuagiza mfumo wa kuzima moto uliofungwa chini ya gari, ambao ungemwaga kemikali pindi gari lilipogongwa kwa nguvu. Aidha, Ford ilianza kulipima gari la polisi kwa kuligonga kutoka nyuma kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa, kiwango kilichozidi kwa mbali kile cha sheria.

Jambo moja halikubadilika. Tangi lilibaki pale pale lilipowekwa mwaka 1979, kwa kuwa kulihamisha kungehitaji kuunda upya sehemu yote ya nyuma ya gari ambalo maisha yake sokoni yalikuwa yakielekea ukingoni.

Badala yake, sehemu ya kinga ilitafutwa kwa madereva wengine. Jimbo la South Carolina lilikuwa limetangulia mwaka 1996 kupitisha sheria inayomtaka dereva ahamie njia ya mbali anapoona gari la dharura limeegeshwa kando ya barabara. Majimbo mengine yaliiga, na Hawaii ilipojiunga mwaka 2012, sheria ya namna hiyo ilikuwa katika majimbo yote 50.

Teksi na Ghuba

Maisha ya Crown Victoria hayakuishia kwa polisi. Magari yaliyostaafu yaliuzwa mnadani, na mengi yakageuzwa teksi. Jijini New York teksi mpya za aina hiyo, zilizopakwa rangi ya manjano na nyingine zikiwa zimerefushwa ili abiria wa nyuma wanyooshe miguu, zilitawala barabara kwa miaka mingi. Zilirithi nafasi ya teksi za Checker, ambazo utengenezaji wake ulikoma mwaka 1982.

Soko jingine muhimu lilikuwa nchi za Ghuba. Saudi Arabia, Kuwait na Muungano wa Falme za Kiarabu zilikuwa na mafuta ya bei nafuu na barabara pana, na gari linalokwenda takriban kilomita 7 tu kwa lita moja mjini halikuwatisha wanunuzi. Ford ilipoacha kuwauzia Wamarekani binafsi gari hilo, kuanzia toleo la mwaka 2008, iliendelea kulipeleka Ghuba huku nyumbani likibaki la polisi, teksi na mashirika.

Kiwanda chafungwa

Kufikia wakati huo mwisho ulikuwa ukionekana. Viwango vya matumizi ya mafuta vilikuwa vikipanda, na sheria mpya ya Marekani ilitaka kila gari jipya dogo litakalotengenezwa kuanzia Septemba 1, 2011 liwe na mfumo wa kielektroniki wa kulizuia lisiteleze na kupinduka. Crown Victoria halikuwa nao. Baadhi ya idara ziliharakisha kununua magari ya ziada ili kuahirisha siku ya kuliaga.

Crown Victoria la mwisho lilitoka kiwandani St. Thomas mnamo Septemba 15, 2011, likiwa limeagizwa kutoka Saudi Arabia. Siku hiyo hiyo kiwanda kilifungwa, na zaidi ya wafanyakazi 1,000 wakapoteza ajira. Majengo yalibomolewa baadaye, na tangu mwaka 2023 pana ghala kubwa la kampuni ya Amazon mahali hapo.

Warithi wake

Ford ililibadilisha kwa magari mawili yaliyoanza kutumika kama matoleo ya mwaka 2013: sedani iliyotokana na Taurus na gari la juu zaidi lililotokana na Explorer. Polisi walilipendelea la pili, na sedani ikaacha kutengenezwa mwaka 2019. Katika magari yote mawili tangi la mafuta liliwekwa mbele ya ekseli ya nyuma, chini ya viti, mbali na pigo la kwanza la gari linalogonga.

Warithi nao hawakuepuka lawama. Julai 2017 polisi wa mji wa Austin, jimbo la Texas, waliondoa barabarani karibu Explorer 400 baada ya maafisa kudhurika kwa hewa ya sumu ya ekzosi iliyopenya ndani. Ford ilijitolea kuyarekebisha. NHTSA ilipofunga uchunguzi wake Januari 2023 haikupata kasoro ya kuamuru magari yarejeshwe, bali ilitaja matundu yaliyotobolewa na kuachwa wazi wakati wa kufunga vifaa vya polisi, pamoja na sehemu za nyuma zilizogongwa zisitengenezwe ipasavyo.

Crown Victoria limekwisha kutoweka katika idara nyingi, ingawa bado hununuliwa na wapenzi wa magari ya zamani na kuonekana mara kwa mara katika sinema. Wanaolisifu hutaja magari yaliyotembea mamia ya maelfu ya kilomita kwa vipuri vya bei nafuu. Katika familia za maafisa waliofia kando ya barabara, gari hilo hukumbukwa kwa tangi ambalo lilikaa nyuma ya ekseli kwa zaidi ya miaka 30.